Chupa Ndani ya Ndoo ya Unga: Nilivyotafuta Kundi la Kuacha Pombe

Kwa miaka kadhaa nilijithibitishia kila Kwaresima kwamba mimi si mlevi. Nilifunga pombe kuanzia Jumatano ya Majivu, nikahesabu siku 40 bila kuonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi, na Jumapili ya Pasaka nikajipongeza kwa kunywa mpaka usiku. Kwaresima ya 2018 ndiyo iliyoniumbua. Nilikunywa mara ya mwisho Jumanne usiku. Jumatano jioni mikono ilitetemeka kiasi cha kushindwa kuingiza ufunguo mlangoni. Na Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, nikiwa ofisini najumlisha stakabadhi za mauzo, nilianguka. Nilipozinduka nilikuwa nimejing'ata ulimi, sketi imelowa, na wenzangu wamenizunguka wakibishana iwapo ni kifafa au ni mapepo.

Katika zahanati niliyopelekwa walinipima haraka haraka, wakaniandikia dawa za malaria na mapumziko ya siku tatu. Hakuna aliyeniuliza habari za pombe, nami sikuzisema. Usiku ule nilikunywa glasi moja, mtetemeko ukatulia muda si mrefu, na hapo nikaelewa ni nini hasa kilichoniangusha. Tangu Alhamisi ile hadi siku niliyoketi katika kundi la watu wanaoacha pombe nikatulia, ulipita mwaka mmoja na zaidi, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliipoteza kwa makosa ambayo mtu mwingine hana haja ya kuyarudia.

Mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, nimeolewa, nina watoto watatu, na sikuwa mtu wa baa. Nilianza na viroba, zile paketi ndogo za plastiki zilizouzwa kwa bei ya chenji ya daladala, ambazo zilikaa katikati ya risiti ndani ya mkoba bila kutoa mlio wowote. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za paketi kuanzia tarehe 1 Machi 2017, niliusifu uamuzi huo mbele ya wafanyakazi wenzangu ilhali nilikuwa na paketi kumi na moja kwenye droo ya chini. Zilipokwisha nikahamia chupa, na chupa haifichiki kama paketi. Niliamua kuizika ndani ya ndoo ya unga wa sembe, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akisonga ugali ila mimi. Kila jioni niliuzamisha mkono hadi kiwikoni, nikaivuta, nikamimina katika kikombe cha chai, kisha nikaifukia tena na kusawazisha unga kwa kiganja. Binti yangu wa kwanza, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, aliniuliza siku moja kwa nini kikombe changu kila mara kina alama za vidole vyeupe. Nilimjibu kwamba ni kwa sababu ninapika.

Mahali pa kwanza nilipokimbilia baada ya kuanguka ni kanisani, na hapo nilifanya kosa la kumweleza mwanamaombi mmoja kila kitu bila kumuuliza kwanza kama atanitunzia siri. Jumapili iliyofuata ibadani aliombewa "dada yetu anayesumbuliwa na roho ya ulevi". Jina halikutajwa, lakini vichwa viligeuka kuelekea benchi letu, na mume wangu, ambaye hadi siku hiyo alidhani nina shinikizo la damu, aliinamisha uso akakodolea macho kitabu cha nyimbo mpaka mwisho wa ibada. Sisemi kwamba maombi hayafai, kwani nasali hadi leo. Nasema kwamba kabla hujafungua kinywa ni haki yako kujua maneno yako yatafika wapi, na kwamba makundi ya kuacha pombe yana kanuni juu ya jambo hilo: unajitambulisha kwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa chumbani hayatoki nje.

Kundi la kwanza nililipata kwenye simu, usiku, nikiwa nimekunywa. Lilikuwa la AA, yaani Alcoholics Anonymous, chama kilichoanza mwaka 1935 katika mji wa Akron nchini Marekani, pale wakala mmoja wa hisa na daktari mmoja wa upasuaji, wote wawili walevi walioshindikana, walipogundua kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa kuliko viapo vyote walivyowahi kula. Leo chama hicho kina mikutano katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Namba ya kwanza niliyoipiga haikupatikana, na ya pili ilipokewa na mtu ambaye alikwisha kuhama mjini. Iliyobaki ilikuwa anwani tu. Orodha za mikutano huzeeka upesi, siku na saa hubadilika, na wanaojitolea kupokea simu wako kazini mchana kama watu wengine. Kwa hiyo andika ujumbe, subiri hadi jioni, na uulize siku ileile unayotaka kwenda.

Nilipofika nilipita lango bila kusimama, nikaenda hadi kwenye kona, nikarudi, nikalipita tena. Mara ya tatu mlinzi aliinuka kwenye kiti chake akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, kama ni wale wa saa kumi na mbili, wako nyuma, mlango wa bluu." Hakuuliza zaidi. Baadaye nilijua kwamba tunaolipita lango lile kwanza ni wengi, naye amekwisha kutuzoea.

Ndani walikuwepo watu tisa, saba kati yao wageni kutoka nje, na mkutano uliendeshwa kwa Kiingereza. Walinipokea kwa ukarimu ambao sikuutegemea. Mwanamke mmoja mwenye mvi alinisogezea kiti karibu naye na kuniandikia namba yake kabla sijaketi. Lakini Kiingereza changu ni cha ankara na barua pepe. Naweza kumweleza mteja kwa nini malipo yamechelewa, ila habari ya vidole vyeupe kwenye kikombe nilishindwa kuipatia hata sentensi moja. Zamu yangu ilipofika nilisema sijambo, nashukuru, nikanyamaza. Nilikwenda mara mbili tu, nikajiambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Wale Watanzania wawili waliokuwa chumbani sikuwasemesha, kwa aibu, na ilikuja kudhihirika kwamba mmoja wao alilifahamu vizuri lile kundi la Kiswahili lililonipokea hatimaye. Swali moja tu mlangoni, "Je, kuna mkutano wa Kiswahili?", lingeniokolea miezi kumi.

Miezi hiyo kumi ilikwisha Machi 2019, siku binti yangu alipoamua kunisaidia kupika kabla sijarudi kazini. Nilikuta ugali umesongwa, umefunikwa vizuri, na kando yake chupa imesimama mezani, imeoshwa na kupanguswa unga wote. Hakusema neno, wala hakumwambia baba yake. Nilimpigia simu dada yangu usiku uleule, na kesho yake alinipeleka hospitali.

Daktari aliponiuliza ninakunywa kiasi gani, nilijibu "mara moja moja". Hakubishana nami. Alichukua karatasi ya maswali kumi, yale yaliyoandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani na yanayoitwa AUDIT, akanisomea moja baada ya jingine, huku dada yangu akitikisa kichwa kila nilipopunguza jibu. Alama za juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 huonyesha unywaji wenye madhara au hatari, na kuanzia 20 mtu hushukiwa kuwa ameshakuwa tegemezi. Mimi nilipata 27. Nilipomsimulia kuhusu ile Alhamisi ofisini, aliweka kalamu chini akanieleza jambo ambalo laiti ningelijua kabla ya Kwaresima ile: mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege huweza kumpata, hasa katika saa 48 za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi ya watu huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo, hupandwa na homa na moyo kuwaenda mbio, na hali hiyo ikiachwa bila matibabu yaweza kuua. Hakuna kundi linaloweza kutibu jambo hilo kwa mazungumzo.

Nililazwa siku tano. Nilipewa dawa za kutuliza zilizopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huishiwa nayo na ambayo upungufu wake huweza kuharibu ubongo. Gharama zote zilifika shilingi 420,000, nyingi kati ya hizo nikizikopa kwa dada yangu, na nilimaliza kumlipa baada ya miezi minane. Kazini niliomba ruhusa ya ugonjwa bila kuutaja, na cheti cha daktari kikatosha. Siku ya kutoka, muuguzi wa zamu aliniandikia namba ya simu nyuma ya kipande cha boksi la dawa, akasema, "Wako kwenye soba hausi, lakini usiogope, hata wa pombe wanapokelewa."

Niliogopa. Wasomaji wa Tanzania wanajua kwamba soba hausi zetu, yaani nyumba za upataji nafuu, zimejaa zaidi vijana waliotoka kwenye heroini, wale ambao mtaani tunawaita mateja na kubana mikoba tunapopishana nao. Mimi, mhasibu mwenye shahada, nikakae duara moja na mateja? Nililifikiria hilo wiki nzima, na nililifikiria nikiwa na hamu ya pombe mpaka mate yananijaa mdomoni. Nilikwenda Jumanne ya pili yake kwa sababu moja tu: nilikuwa nimesimama mbele ya duka la pombe nikiwa na namba ile mkononi, na simu ikapokelewa kabla muuza duka hajamalizana na mteja aliyenitangulia.

Mkutano ulikuwa uani, chini ya mwembe, viti vya plastiki kama ishirini, sufuria kubwa ya chai ya tangawizi juu ya jiko la mkaa. Kijana mmoja mwenye makovu mikononi alininawisha kwa birika kama wanavyonawishwa wageni, akanimiminia kikombe na kuniita mama. Mkutano ulianza kwa sala ya kuomba utulivu wa kuyapokea yasiyobadilika na ujasiri wa kuyabadili yanayobadilika, zikasomwa zile hatua kumi na mbili ambazo makundi haya huzifuata ili kuacha, kisha kila mtu akazungumza kwa zamu kwa dakika chache bila kukatizwa wala kujibiwa. Asiyetaka kuzungumza husema "napita", na hakuna anayemkodolea macho. Mimi nilipita mara tatu mfululizo, wiki tatu.

Kilichonikwama ni neno lenyewe. Kila mmoja alitaja jina lake la kwanza na kuongeza, "mimi ni mraibu", au kwa wa pombe, "mimi ni mlevi", na wengine wakaitikia karibu. Katika lugha yetu mlevi ni yule anayeyumba barabarani akitukana, na mwanamke akiitwa hivyo yanafuata maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Mzee mmoja Mwislamu aliniambia wakati wa chai kwamba kwake mzigo ulikuwa mzito zaidi, kwani alilelewa akifundishwa kusitiri dhambi na si kuisimulia, na kwamba ilimchukua miezi kukubali kuwa pale uani ameeleza ugonjwa wake kwa wagonjwa wenzake, hakujianika. Yeye hutumia neno mraibu wa pombe, nami nikaliazima. Hakuna anayekusahihisha.

Wiki ya nne nilizungumza. Nilianza mbali, kwa Kiswahili cha ofisini, nikazunguka weee, hadi nikafika jikoni kwangu nikasema, "Nilikuwa naficha kwenye unga." Kukawa kimya kidogo, kisha kijana mmoja akasema, "Mama, na wewe unga?", na uani pote pakalipuka kicheko, kwa sababu wengi wao waliharibiwa na unga wa aina nyingine, heroini. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma, nikasimulia habari ya ugali uliofunikwa na chupa iliyooshwa. Mmoja wao alisema kwamba mama yake naye alikuta vitu vyake, akavipanga mezani vivyo hivyo. Nilikuwa nimewatafuta watu wanaofanana nami, na aliyeijua meza yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyewahi kulala chini ya daraja.

Kuhusu fedha, hakuna ada. Kapu huzungushwa kwa ajili ya chai na mkaa, mwenye elfu moja anatia na asiye nacho analipitisha. Gharama yangu halisi ilikuwa nauli ya daladala mbili za kwenda na bajaji ya kurudi usiku, mara mbili kwa wiki, pamoja na chakula cha watoto ambacho ilibidi kipikwe mapema au kipikwe na baba yao. Iko mikutano ya wazi, ambayo ndugu wanaruhusiwa kuhudhuria, na mingine ni ya wenyewe tu. Uliza kabla hujaongozana na mume au dada, maana mimi nilikuja na dada siku ya mkutano wa wenyewe, akaishia kukaa saa nzima kibarazani kwa mpishi wa chapati. Na ukipewa kazi ndogo, ipokee. Mwezi wa pili nilikabidhiwa sufuria ya chai. Niliona ni jambo la kitoto, mpaka lilipokuja kuniokoa.

Lilikuja Desemba. Sisi Wachaga Desemba hurudi nyumbani, na kurudi nyumbani ni kukaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na mbege. Nilikuwa na miezi tisa bila tone. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na msesewe wa kutia uchungu, na kwetu husemwa kwamba si pombe bali ni chakula. Baba mdogo alininyooshea kata ya mbege mbele ya ukoo wote siku ya pili ya Krismasi, mikono yote miwili, kama inavyostahili. Nikapokea kwa adabu, nikanywa kwa adabu. Kata ya tatu sikuambiwa, niliinama kuichota mwenyewe. Tarehe 29 nilikuwa mjini Moshi nikinunua chupa.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa nimeamua kwamba kundi nimelimaliza, kwani ningewatazamaje? Jumanne mbili sikwenda. Ya tatu asubuhi uliingia ujumbe kutoka kwa yule kijana wa birika: "Mama, tangawizi imeisha, na funguo za stoo unazo wewe." Ilikuwa kweli, nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nilikwenda kurudisha funguo. Nilipozungumza, hakuna aliyenikaripia wala kunipa pole ndefu, siku zangu zilianza kuhesabiwa upya, na yule mzee aliniuliza swali moja tu: "Kabla ya kata ya kwanza, ulimpigia nani?" Sikuwa nimempigia mtu, ingawa simu yangu ilikuwa na namba kumi na nne za watu ambao wangepokea hata saa nane za usiku.

Desemba iliyofuata nilijipanga kama anayekwenda kufunga mahesabu ya mwaka. Nilimwambia mama yangu ukweli kwa simu kabla ya safari, akalia, kisha akawa ndiye aliyeniwekea maziwa mgando kwenye kata ili mkono wangu usionekane mtupu. Kwa baba mdogo nilisema kwamba daktari amenikataza, na hilo halikuwa uongo. Mume wangu aliketi karibu nami, tukaondoka siku mbili kabla ya wengine. Hakusema lolote njiani, wala hapendi kulizungumza jambo hili hadi leo. Bado ninamwona akikisogeza kikombe changu karibu na pua kabla hajakiosha, nami hujifanya sikuona.

Ukikaa kwenye kundi kwa muda utashauriwa kutafuta sponsa, mtu aliyetangulia kuacha ambaye unampigia simu na kuzipitia naye zile hatua. Desturi ni mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume, na usiivunje hata kama mwenye hekima zaidi kundini ni wa jinsia nyingine. Wanaoanza kuacha wana upweke mwingi, nami nimeona ndoa moja ikivunjika hivyo. Kwa kuwa pale uani hakukuwa na mwanamke mwingine, nilimwandikia yule mwenye mvi wa mlango wa bluu, ambaye namba yake nilikuwa nimeitunza muda wote huo. Tuliongea kwa Kiingereza changu cha ankara na Kiswahili chake cha sokoni, na tulielewana.

Sasa tuko wanawake wanne tunaokutana Jumamosi saa tisa sebuleni kwa mmoja wetu, mbali na mkutano wa Jumanne ambao bado nakwenda. Mmoja ni muuguzi, mwingine anauza samaki katika soko la Feri, wa tatu ni bibi mwenye wajukuu. Hatuna jina wala hatujajitangaza popote, na wanaotufikia huletwa na muuguzi wa zamu au na mtu wa uani. Yule muuza samaki hajaonekana kwa wiki tatu, na simu yake inaita bila kupokelewa. Jirani yake ameniambia kwamba yupo, na kwamba huwasha taa usiku. Jumamosi hii nitaondoka nyumbani mapema, saa sita hivi, nipite kwake kwanza.